Muulize Babu Rubani: Mwili hauna leseni ya mawinguni

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwa vijana wanaojifunza kurusha ndege, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: nikiwa ndani ya wingu, nimwamini nani? Kwa wasomaji wapya, mimi nilifundishwa Soroti, Uganda, katika chuo cha urubani cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika 1977. Nimestaafu na magoti mabovu. Masikio bado yapo, na leo tunaanza nayo.

Babu, shikamoo. Nina saa 58 za kuruka, nipo uwanja wa Wilson. Wiki jana mwalimu alinivisha kofia ya kuzuia nisione nje. Tuligeuka kulia muda mrefu kidogo, kisha nikanyoosha mbawa. Upeo bandia, kile chombo kinachoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, unaonyesha tuko sawa, lakini mwili mzima unaniambia tumelalia kushoto. Nikaanza kurekebisha, mwalimu akanishika mkono, "Amini vyombo!" Maneno niliyaelewa, mwili ukakataa. Je, nina kasoro ya masikio? — Mwanafunzi, Nairobi

Marahaba, mwanangu. Masikio yako ni mazima, na ndiyo maana yanakudanganya. Mwenye masikio mabovu kweli huenda angedanganyika kidogo kuliko wewe.

Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Chukua ndoo ya maji uizungushe papo hapo ilipo. Mwanzoni ndoo inazunguka na maji yamebaki nyuma. Endelea kuizungusha, maji yanaikuta ndoo, vinakwenda pamoja. Sasa isimamishe ghafla: ndoo imetulia, maji bado yanazunguka. Sikio lako linasoma tofauti kati ya ndoo na maji, halina kingine linachojua. Kwa hiyo ukigeuka kwa mwendo ule ule, baada ya kama sekunde 20 sikio linasema umenyooka. Ukinyoosha mbawa kweli, linasema umeanza kugeukia upande wa pili. Ulitoka kulia, ukahisi kushoto. Ni hivyo hivyo inavyotakiwa iwe.

Ubaya zaidi ni kwamba sikio halihisi kabisa mgeuko wa polepole, ule wa chini ya digrii 2 hivi kwa sekunde. Mwalimu wangu pale Soroti alinifumbisha macho, akasema, "Niambie tunakwenda wapi." Nikajibu kwa madaha: moja kwa moja. Akaniambia nifumbue. Tulikuwa tumelala digrii 30, pua iko chini, na sindano ya altimita, kile kipima urefu, inarudi kinyumenyume kama saa mbovu. Sikuhisi chochote. Kilichonitisha mpaka leo ni ule uhakika niliojibia.

Usidhani hili ni la wanafunzi tu. Miaka ya themanini tuliondoka Mwanza usiku wa giza, tukaelekea ziwani. Wewe ni mtoto wa mjini, kwa hiyo nikueleze: wavuvi wa dagaa hutoka na karabai zao siku ambazo mwezi haupo, maana mwanga wa mwezi unawaharibia kazi. Ziwa zima lilikuwa limetapakaa taa, na juu nyota zimetapakaa vile vile. Hakuna mstari kati ya mbingu na maji. Nikatazama nje kwa sekunde chache, macho yangu yakachagua safu moja ya mitumbwi kuwa ndiyo upeo, na mkono ukaanza kuilaza ndege ilingane nayo. Rubani mwenzangu, kijana kwangu kwa miaka kumi, akasema neno moja tu: "Mbawa." Nikarudi kwenye vyombo. Nilikuwa na saa zaidi ya elfu tatu siku ile.

Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, Boeing 737-800, iliruka Douala nchini Kamerun usiku wa manane, radi zikiwa karibu. Uchunguzi ulionyesha kwamba nahodha alitamka agizo la kuiwasha otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, lakini hakuna aliyejibu wala haikuwashwa. Ndege ikawa inalala kulia polepole, polepole, bila mtu kuihisi. Kengele ya onyo ilipolia, nje ni giza tupu na mikono ya nahodha ikapeleka usukani huku na huku. Watu 114 walikufa. Siwahukumu wenzangu. Ninachotaka uone ni ule ukimya kati ya kosa na kengele.

Sasa fanya hivi. Ukiwa chini ya kofia, fanya upeo bandia kuwa nyumbani. Unatoka kwenda kwa jirani mmoja, labda altimita, unarudi nyumbani. Unakwenda kwa kipima mwendo, unarudi nyumbani. Unakwenda kwa uelekeo, unarudi. Mgeni anayekaa sana kwa jirani hukuta kwake kumeibiwa: ukiing'ang'ania altimita ili urudishe futi 50 zilizopotea, uelekeo unakukimbia digrii 20. Shika usukani kwa vidole viwili na kidole gumba, maana ukiukamata kama mpini wa jembe utarekebisha kila kitu mara mbili. Kugeuka ni kwa kipimo cha digrii 3 kwa sekunde, duara zima dakika 2. Kwa ndege yako inayokwenda noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, hiyo ni kulala kama digrii 14 au 15 tu. Na kalamu ikianguka, iache. Kuinamisha kichwa ghafla ndege ikiwa inageuka huchanganya mifereji yote mitatu kwa mpigo, na kizunguzungu chake kimetapisha wanaume wazima.

Hisia ile haitaondoka. Mimi haikuondoka hata siku ya mwisho kazini. Unachojifunza ni kukaa nayo, kama unavyokaa na shemeji mwenye makelele: unamsikia, humfuati.

Babu, kila mtu anatuambia tuamini vyombo. Na vyombo vyenyewe vikisema uongo? — Rubani mpya, Dodoma

Swali zuri, na wanaolikwepa ni wale walimu waliosoma kitabu kimoja. Jibu langu: chombo kinashitakiwa na vyombo vingine. Mwili hauitwi hata kutoa ushahidi.

Nianze na aibu yangu. Niliwahi kuiacha Cessna 206 siku tatu kwenye kiwanja cha majani huko kusini, ndani ya hifadhi. Kile kifuniko chekundu cha bomba la pito, lile linalochungulia mbele ya bawa kupima mwendo, nilikiacha juu ya kiti, nikasema nitakivalisha baada ya chai. Chai ikawa ndefu. Siku ya kuondoka nikazunguka ndege haraka kwa sababu wageni walishapanga mizigo. Nikaongeza nguvu, ndege inakimbia, miti inapita, na sindano ya mwendo imelala kwenye sifuri. Nikakata nguvu, nikakanyaga breki, tukasimama vichaka vikiwa vinanichungulia. Nilipochomoa kilichoziba, ni udongo mkavu, umefinyangwa vizuri kama chungu kidogo. Nyigu wa matope alikuwa ameshajenga nyumba. Siku tatu zilimtosha.

Mimi nilikuwa na bahati kwa sababu sindano haikuamka kabisa. Hatari ni sindano inayoamka halafu ikadanganya. Bomba likiziba pamoja na kitundu chake cha kutolea maji, hewa inafungiwa humo ndani, na kipima mwendo kinageuka kuwa kama altimita: ukipanda, kinasema unakwenda kasi zaidi na zaidi. Rubani anayeamini hilo huinua pua kupunguza kasi, kumbe kasi yenyewe inakwisha. Februari 1996 Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa, na mtuhumiwa mkubwa alikuwa nyigu kama wangu. Oktoba mwaka huo huo, 757 nyingine iliyotoka Lima, Peru, ilianguka kwa sababu baada ya kuoshwa, utepe wa kunata uliachwa juu ya matundu ya statiki, yale ya ubavuni yanayolisha altimita, kipima mwendo na kipima kupanda. Watu 70. Kipande cha utepe cha bei ya pipi.

Kwa hiyo, ukikimbia kuruka, tamka kwa sauti: "Mwendo unaamka." Usipoamka, unabaki chini. Ukiwa juu na kitu hakilingani, rudi kwa mambo mawili yasiyohitaji bomba: mkao wa pua na nguvu ya injini. Siku yenye hewa tulivu, kaa na daftari uandike ndege yako, hiyo unayoruka wewe: mzunguko fulani wa injini, pua mahali fulani, mwendo huu. Daftari hilo ndilo shahidi wako. Matundu ya statiki yakiziba, altimita inaganda, kipima kupanda kinakaa sifuri, na kipima mwendo kinasoma pungufu ukipanda na zaidi ukishuka. Fungua ile valvu ya akiba; altimita itasoma juu kidogo, si neno. Ndege isiyo na valvu? Sisi tulifundishwa kuvunja kioo cha kipima kupanda, hewa ya ndani iingie kupitia hapo. Sijawahi kukivunja, lakini nilikuwa najua nitakivunja na nini.

Pampu ya vakyumu, ile inayovuta hewa ili kuzungusha jairo ya upeo bandia, ni msaliti wa aina nyingine, kwa sababu ikifa, upeo haufi ghafla. Jairo, lile gurudumu dogo linalozunguka ndani ya chombo, inapungua kasi na upeo bandia unaanza kulala kama mlevi anayeegemea ukuta, nawe unamfuata kwa heshima. Ndiyo maana kipima mgeuko mara nyingi huendeshwa kwa umeme: ni jirani asiyekula chungu kimoja na upeo bandia. Wawili hao wakigombana, tazama geji ya vakyumu, halafu dira. Ukishamjua mwongo, mfunike. Nilikuwa natembea na karatasi mbili za kunata mfukoni kwa kazi hiyo tu. Jicho likiendelea kumwona mlevi, litamfuata.

Kitabu changu cha Marekani kinasema ukigeuka kuelekea kaskazini dira inachelewa, kwa hiyo unyooshe mbawa kabla haijafika. Nikifanya hivyo hapa Dar es Salaam mwalimu anacheka. — Mwenye dira, Ilala

Mwalimu akueleze kwanza, acheke baadaye. Kitabu chako kimeandikwa kwa wakaao kaskazini ya ikweta ya sumaku, na hiyo haifuati ikweta tunayoijua. Kwa Afrika Mashariki inapita juu kule Ethiopia, karibu latitudo 10 kaskazini. Dar, Nairobi, Kampala, sote tuko kusini yake, na kanuni inageuka: ukielekea kaskazini dira hutangulia, iache ipite kidogo, ukielekea kusini huchelewa, nyoosha mapema. Kosa lenyewe huku kwetu ni dogo kuliko Ulaya. Tuna bahati nyingine: dira ya jairo hupotoshwa na mzunguko wa dunia kwa digrii zipatazo 12 kwa saa ukiwa London, lakini Dar ni chini ya 2. Msuguano wa mashine upo pale pale, kwa hiyo kila dakika 15 ilinganishe na dira ya sumaku, mbawa zikiwa sawa na mwendo hauyumbi.

Babu, taarifa ya hali ya hewa niliyoisoma iliandikwa 0300Z. Nikafika uwanjani saa tatu asubuhi, mwalimu akasema nimebeba habari za kale. — Mwanafunzi, Mwanza

Umenichekesha. Z ni saa za dunia, nasi tuko mbele kwa saa tatu. 0300Z ni saa kumi na mbili asubuhi, jogoo bado anawika. Saa tatu yetu ya asubuhi ni 0600Z. Wazungu hawana mtego huu, ni wa kwetu sisi tunaohesabu saa toka alfajiri. Mimi nilikuwa navaa saa mbili, moja kila mkono, mke wangu akiniita fundi saa.

Kwa nini waongoza ndege wanasisitiza turudie kila namba, hata tukiwa na haraka? — Wa Kisumu

Kwa sababu ya asubuhi moja ya Septemba 1974. Boeing 747 ya abiria ilikuwa inashuka kuingia Nairobi. Mnara ukawaruhusu kushuka hadi futi 7,500, kwa kutamka tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Futi 5,000! Uwanja wenyewe wa Nairobi uko juu ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari. Yaani walikubali kushuka chini ya ardhi, na ndani ya chumba cha rubani hakuna aliyeshtuka kwa wakati. Walitokea chini ya wingu, wakaona mbuga, wakavuta usukani wakiwa kama futi 70 juu ya nyasi. Hakuna aliyekufa, ndiyo maana kisa hiki hakisimuliwi sana. Mimi huwa nakisimulia kila ninapopata nafasi.

Andika urefu wa uwanja unaokwenda kwa namba kubwa juu ya karatasi yako ya safari. Kila namba inayotoka mnarani, ipime na hiyo kabla hujairudia. Na kipimo cha shinikizo la hewa, kile unachokiweka kwenye altimita, kirudie vile vile: kila hektopaskali moja ni kama futi 30. Ukiweka 1023 mahali pa 1013, altimita itakwambia uko karibu futi 300 juu zaidi ya ulipo.

Shikamoo Babu. Nina saa 214 na leseni ya biashara, ila sijapata kibali cha kuruka kwa vyombo. Bosi wangu akiona nasita asubuhi za mawingu anasema, "Mbona wenzako wanapita?" Naogopa kupoteza kazi. — Binti wa Nairobi

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Asubuhi za Juni hadi Agosti unazijua: wingu zito limekalia Limuru na ukingo wa Bonde la Ufa, chini yake kuna upenyo mwembamba unaokuita upite. Mwenzako kapita. Hujui kapita kwa futi ngapi, wala kama upenyo ule bado upo. Kilele cha Aberdare kina mita 4,001, na Juni 2018 ndege ndogo aina ya Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga milima hiyo. Watu kumi, hakuna aliyepona.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwachukua marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakawekwa kwenye hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani ulikuwa sekunde 178. Wimbo mmoja wa redioni hauishi kabla yako. Na kilichofuata utafiti ule ni kuwafundisha jambo moja tu: kugeuka nyuma kwa utulivu, digrii 180, dakika moja, urudi ulikotoka kulikokuwa na mwanga. Ulifanye hilo na mwalimu mpaka ulichoke. Lakini lifanye wingu likiwa bado mbele yako, usingoje likumeze.

Kwa bosi, usibishane naye mlangoni pa ndege abiria wakisikiliza. Kaa naye jioni, ukiwa na karatasi: hiki ndicho kiwango changu cha chini cha wingu, hiki cha kuona mbele, chini ya hapo siruki mpaka nipate kibali. Mwombe atie saini. Wengi hawataki kutia saini, na mara nyingi hapo ndipo maneno yanapopungua. Akikufukuza, utaumia, sikudanganyi. Nimeona vijana wazuri wakikaa miezi bila kazi. Leseni yako utabaki nayo. Na weka akiba ya kibali cha vyombo kwanza kabla ya simu mpya. Saa 40 za vyombo zinatakiwa, sehemu yake unaruhusiwa kuzifanya kwenye simuleta, mashine ya kuigizia kuruka, ambayo ni nafuu.

Mimi nilifanyiwa hivyo na mheshimiwa mmoja, Mbeya, kwenye ule uwanja wa zamani mjini. Wingu limeuvaa mlima Loleza mpaka shingoni, manyunyu yanapita, na yeye ana kikao Dodoma. Akaniuliza mimi ni rubani au mwoga. Nikamwambia, mheshimiwa, vyote viwili, ndiyo maana nimefika umri huu. Akapiga simu kwa mkubwa wangu. Mkubwa, Mungu amrehemu, akasema rubani akikataa amekataa. Tukalala Mbeya. Nilimnunulia chai na chapati, hakugusa. Kesho yake saa tatu asubuhi Loleza ilikuwa wazi hadi kileleni, tukaondoka, na mheshimiwa alininunia mpaka Dodoma.